Maji ya Rozari

Ilianza Alhamisi, tarehe mosi Mei, mwaka wa 1969, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni. Dakika ninazijua kwa sababu miaka ile nilikuwa na daftari la shule ambalo niliandikia kila jambo, na sikuandika lolote kabla ya kutazama saa ya mezani, kana kwamba jambo lisilo na saa halikutokea. Niliandika: "Mama Sajenti amenifanya karani wa Rozari. Sikutaka. Sikusema kwamba sikutaka." Nilikuwa na miaka kumi na sita, sinia ya pili, yaani kidato cha pili, msichana ambaye mwalimu akimwita jina alisimama na kusahau hata kile alichokijua. Tulikaa katika laini za polisi za Bwera, nyumba za mabati zilizopangwa safu mbili na kutazamana kama watu waliogombana, na ndani yake askari kutoka kila pembe ya Uganda pamoja na wake zao. Mengine ya kwetu hayahusu habari hii.

Mwezi uliopita, nami sasa ni mzee, tulimzika Mado, jirani yetu wa laini zile, huko Kasese, upande wa mto Nyamwamba. Kaburi lilipokwisha kufunikwa, wanawake walirudi chini ya turubai wakaanza Rozari, na binti mmoja aliyekaa karibu nami, kucha nyekundu, simu mapajani, akaniinamia sikioni, akaniita bibi kwa Kiganda: "Jajja, nimepoteza hesabu. Naanza upya ama naendelea?" Nikamwambia endelea, mwanangu, hakuna anayekuhesabia. Akatabasamu, akaendelea. Mimi sikuendelea. Mdomoni ilinijia ladha ambayo miaka zaidi ya hamsini haijaiosha: mafuta ya nywele, jasho na chuma. Nilitoka nje ya turubai nikatema mate kwenye majani. Mtoto wa kwanza wa marehemu, ambaye sasa naye ana mvi, alinifuata akanishika kiwiko, akidhani ni majonzi. Sikumwambia kwamba hayakuwa majonzi. Kilikuwa kinyaa, kile kile, kibichi kama siku ya kwanza.

Rozari ya laini yetu iliachwa na padri mmoja wa Kizungu aliyekuwa akirudi kwao. Aliikabidhi mikononi mwa Mama Sajenti: shanga nyeupe kubwa kama punje za mahindi, msalaba wa fedha, na kisanduku cha mbao chenye kitambaa cha samawati ndani. Mwezi wa tano na mwezi wa kumi, miezi ya Bikira Maria, ilizunguka katika nyumba za Wakatoliki, siku tatu kila nyumba. Jioni tulikusanyika pale ilipo, Mama Sajenti akaongoza, na baada ya Litania kila mtu akabusu msalaba. Nilichukia kubusu kule kuliko dawa ya minyoo. Midomo thelathini, mingine imetoka kwenye dagaa, mingine ina vidonda vya homa, na watoto wenye makamasi wakiinuliwa nao wabusu. Kisha Mama Sajenti anaupangusa msalaba kwa ncha ya kitenge ile ile aliyompangusia mwanawe pua. Zamu yangu ilipofika niligusa hewa iliyo juu yake, nikatoa sauti ya busu. Niliandika katika daftari kwamba labda Mungu ananiona, lakini afadhali anione Yeye kuliko kupata vidonda.

Mama Sajenti alikuwa mke wa sajenti, na cheo cha mumewe alikivaa yeye zaidi kuliko mumewe. Alikuwa na mwili wa kujaza mlango na sauti iliyofanya hata sala isikike kama amri. Siku ile ya kwanza aliinua Rozari juu ya vichwa vyetu akasema, "Hii kitu imetoka mbali, imebarikiwa na watu wakubwa. Mwanamke akiivunja, nyumba yake nayo itavunjika. Mimi nimesema." Wanawake wakajibu amina, ingawa haikuwa sala. Kisha akanitazama, mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya kabati la vyombo. "Wewe msichana wa sekondari. Utaandika maswali."

Maswali yalikuwa wazo la Katekista Bwambale, aliyekuja kila Jumamosi kutoka Mpondwe, mpakani, kwa baiskeli, suruali imebanwa na vibanio vya nguo ili isikamatwe na mnyororo. Alikuwa amechoka kuona watu wanasali bila kuuliza. Akatoa kopo la majani ya chai, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akasema anayetaka kujua jambo lolote kuhusu Rozari aandike bila jina, atumbukize. Lakini wengi hawakujua kuandika, na waliojua waliona haya. Hivyo walinijia mimi, mmoja mmoja, nyuma ya jiko letu. Walisema, niliandika, nilikunja, nilitumbukiza. Mama Sajenti aliniapisha mbele ya wote kwamba nitakachosikia hakitatoka. "Karani iko na mikono," alisema, akinibana kidevu kwa vidole vilivyonuka kitunguu, "haiko na mdomo." Wote wakacheka. Nami nikatimiza, ila kwa hila moja: kila swali nililinakili katika daftari langu, na mwenye nalo, na saa.

Kwa hiyo ninayo hadi leo. Mama mmoja aliuliza: ukisinzia katikati ya fungu la tatu, unarudi mwanzo? Mwingine: ni lazima kuwa na rozari ya kununua, au vidole vinatosha? Mwingine: mume wangu ni Mprotestanti, anasema tunamwabudu Maria, nimjibu nini? Ni dhambi kusali huku unamenya matoke? Ni dhambi kuivaa shingoni kama mkufu? Mbona tunarudia maneno yale yale mara hamsini, Mungu haelewi mara moja? Katekista aliyafungua moja moja, akiyasogeza mbali na macho kwa sababu hakuwa na miwani, na kuyajibu taratibu. Anayesinzia alimlinganisha na mtoto anayelala mapajani mwa mamaye. Mama hamtupi chini, alisema. Vidole, Mungu alitupa kumi kabla shanga hazijavumbuliwa. Kuhusu Mprotestanti alisema: "Mwambie mume wako hatumwabudu. Tunamwomba atuombee, kama wewe unavyomwomba jirani akuombee mtoto akiugua." Na kuhusu kurudia alicheka sana. "Wewe mama, mtoto wako anakuita mama mara ngapi kwa siku? Umewahi kumwambia umeelewa, anyamaze?"

Ningekuwa mtu mwema ningekumbuka hayo tu. Lakini nilikuwa nyuma ya jiko, na mengi niliyoyasikia pale yalinifanya ninawe mikono baada ya kuyaandika. Mmoja alitaka kujua idadi ya Salamu Maria inayotosha kumfanya mke mwenzake asizae. Mwingine aliuliza kama Rozari iliyosaliwa na mtu anayenuka kikwapa inapanda mbinguni. Alimaanisha Mado, na alijua kwamba ninajua. Katekista alipoifungua ile ya mke mwenza, aliikunja tena akaitia mfukoni. "Hii sitaijibu," alisema. "Aliyeuliza anajua jibu." Mwanamke mwenyewe alikuwa mstari wa mbele, akitikisa kichwa kwa masikitiko kuwashinda wote.

Mado alitoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, na aliolewa na Konstebo Opio, kijana mrefu mwenye aibu karibu kama yangu. Alisali kwa Kiswahili cha kwao, kilichochanganyika na Kifaransa, na hilo peke yake lilitosha. Wanawake walisema Wakongomani hawajui dini, wanajua kucheza tu. Aliniita mudogo wangu, nami nikamwita yaya, kama wanavyomwita kwao dada mkubwa. Siku za shule nikirudi na jua la saa tisa alinipa maji ya ndimu katika kikombe kilichosuguliwa hadi kung'aa. Nasema hili kwa sababu walimwita mchafu. Nyumba yake ilikuwa safi kuliko zote. Sakafu ya udongo aliipaka upya kila Ijumaa, na harufu yake ilikuwa ya majivu na ndimu. Wiki ya mwisho ya Septemba alikuja nyuma ya jiko, akachuchumaa, akashika ukuta.

"Mudogo wangu, niandikie. Mutu iko na mimba, anatapika asubuyi yote, hawezi kupiga magoti. Akisali Rozari kwa kitanda, ni zambi?"

"Ni nani huyo, yaya?"

"Mutu." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Mbili zilitoka. Zote mbili nilizisema, watu wakanipongeza, wiki haiishe, zikatoka. Hii sisemi mupaka ijiseme yenyewe. Hata Opio hajue. Unasikia?"

Nilisikia. Jumamosi Katekista alijibu kwamba mama asiyeweza kupiga magoti alale, Bikira naye alibeba mimba, anajua. Wanawake waligeuka kutazamana matumbo. Mado alikuwa akiutazama mguu wake.

Mwezi wa kumi ulianza kwa Mama Sajenti mwenyewe, Jumatano, na Rozari ilikaa kwake siku zake tatu. Ijumaa mchana aliniita. Hakuja nyuma ya jiko kama wengine. Aliniita ndani kwake, akafunga mlango kwa komeo. Chumba kilikuwa na joto la sufuria ya maharage na nguo za watoto zilizolowa, na mwanawe mdogo alikuwa chini ya meza akinyonya kitu ambacho nilidhani ni mfupa.

"Karani, andika. Lakini usiandike vizuri sana, watu wanajua mwandiko yako."

"Niandike nini, mama?"

"Andika: kama rozari imekatika, ile baraka inatoka?"

"Imekatika wapi, mama?"

"Nani amesema imekatika? Nimesema kama." Mkono wake wa kulia ulikuwa ngumi tangu nilipoingia, hata alipofunga komeo alifunga kwa kushoto. "Na hapo ongeza: aliyekata, kama ni mtoto, laana inaenda kwa mtoto ama kwa mama yake?"

Niliandika. Alinitazama nikikunja. Sijawahi kumwona mtu mkubwa akiogopa vile, jasho limekaa juu ya mdomo kama matone ya uji, na badala ya kumhurumia nilisikia kichefuchefu, kwa sababu hofu ile ilikuwa ya maneno yake mwenyewe ya mwezi wa tano. Kesho yake asubuhi, kabla Katekista hajafika, alikuja kwetu na kusema, "Ile karatasi iko wapi? Lete." Nikaitoa kwenye kopo. Akaitia kwenye sigiri yetu ya mkaa, akangoja mpaka ikawa majivu, akayakoroga kwa kijiti. Katika daftari langu lilibaki: Ijumaa, tarehe tatu Oktoba, saa saba na dakika kumi.

Jioni hiyo ya Jumamosi nilibeba kisanduku kutoka kwake kwenda kwa Mado, kimefungwa, kama ilivyokuwa desturi; mwenye nyumba mpya ndiye anayekifungua. Mado alikuwa amepika sombe, majani ya muhogo yaliyopondwa, na mafuta ya mawese, na samaki wa Katwe. Mama Nakku, mke wa dereva na mshika mkoba wa Mama Sajenti, alisukuma sahani kwa kidole. "Haya majani sisi kwetu tunapa mbuzi." Kisha akala sahani tatu, akalamba hadi kiwiko, akajifuta mafuta mekundu kwenye pazia la Mado. Mama Sajenti aliongoza Rozari akiwa ameishika ndani ya ngumi, na mwisho watu walipojipanga kubusu alisema, "Leo hakuna kubusu. Iko mafua." Nilishukuru kwa kutobusu. Nilishukuru! Hivyo ndivyo akili yangu ilivyokuwa. Nilikuwa na vipande vyote mkononi, nikafurahia kwamba midomo yangu imepona. Jumapili na Jumatatu mafua yalikuwa bado yapo, ingawa hakuna aliyekohoa.

Jumanne, sikukuu yenyewe ya Bikira wa Rozari, nilibeba kisanduku kwenda kwa Mama Nakku. Aliketi, akakifungua mapajani, akainua Rozari mbele ya wote, na mwisho wake ulikuwa uzi mtupu. Hakuna msalaba. Kisha Mama Sajenti akapiga kelele ya msibani, akashika kichwa, akageuka polepole kwa Mado.

"Ulikuwa kwako."

"Mimi nilifungua, iko vile vile," Mado alisema. "Niliona hakuna croix, ule musalaba, nikazani ndiyo inakuwaka hivi. Mimi ni mugeni. Sikuulizaka."

"Ati aliona! Ati akanyamaza!"

"Mukongomani na fedha," Mama Nakku alisema, "unaweza kuviacha pamoja?"

Sasa nieleze kosa lenyewe, kwa maana sijaona mahali pengine ambapo lingeweza kufanyika. Tulikuwa watu wa makabila kumi tuliotupwa katika laini moja, na kila mmoja alikuja na njia ya kwao ya kumpata mwizi: huku panga la moto, kule maji ya mizizi, kwingine kuruka fimbo. Hakuna aliyeamini ya mwenzake. Kitu kimoja tu tulikiamini sote, nacho ni Rozari. Kwa hiyo Mama Sajenti aliposema, "Tutaiosha, na waliokigusa kisanduku watakunywa. Mwenye makosa, Bikira atamtapisha," hakuna aliyeona ajabu. Waliona ni dini. Walikuwa wanafurahi, naapa, kama watu waliokuwa wakingoja miaka mingi. Mtu mmoja tu angewakataza, Katekista Bwambale, na yeye asingekuja kabla ya Jumamosi.

Jumatano saa kumi alasiri karai liliwekwa katikati ya uwanja wa laini. Rozari ikatumbukizwa, na Mama Sajenti akaisugua shanga moja baada ya nyingine kwa kidole gumba, tukisali fungu moja la matendo ya uchungu. Nilikuwa nimekaa karibu, kwa maana mimi nilibeba kisanduku, nilikuwa wa kunywa. Maji yalibadilika rangi. Nilikuwa sijafikiria kwamba yangebadilika. Yakawa kijivu, kisha juu yake yakatanda mafuta yenye rangi za upinde, mafuta ya nywele na ya karanga na ya mikono ya miaka yote ile, na humo likaelea unywele mmoja uliojikunja. Nzi akatua, akatembea pembeni mwa karai, akanywa kabla yetu.

Mama Sajenti alichota kwa kikombe cha bati akanywa wa kwanza. Alikunywa chote. Hakupepesa jicho. Akajifuta mdomo, akasema, "Bikira anajua," na wanawake wakasema anajua. Akanywa Mama Nakku, akikunja uso. Kikombe kikaja kwangu, pembeni kina alama ya midomo yao wawili, na mimi, niliyekuwa nabusu hewa miezi yote ile, nilikunywa. Nilikunywa kwa sababu walinitazama. Yalikuwa vuguvugu. Niliyahisi yakishuka kila inchi, na nilisaga meno ili yasirudi, kwa maana yakirudi mimi ndiye mwizi. Ndipo nikaelewa kitakachotokea. Nikamtazama Mado. Uso wake ulikuwa tayari na rangi ya majivu, kama ulivyokuwa asubuhi zote za wiki ile.

Alishika kikombe kwa mikono miwili. Akafanya ishara ya msalaba. Funda la kwanza lilishuka. La pili halikufika popote. Akageuka, akapiga magoti, na akatapika hadi akabaki anatoa sauti tu, mkono mmoja ardhini na mwingine tumboni.

"Iiii! Mumeona?"

"Bikira amemkataa!"

"Mbele ya watu, mchana kweupe!"

Mtoto fulani alicheka. Mama Nakku alirudi nyuma akiinua gauni lisirushiwe. Hakuna aliyempa maji safi wala kitambaa. Mimi pia sikumpa. Nilijua sababu ya kutapika kwake na nilijua msalaba ulikatikia wapi, mambo mawili, yote mawili yako ndani yangu pamoja na yale maji, na nilisimama pale mikono nyuma kama mwanafunzi kwenye mstari. Nimewachukia wengi kwa ajili ya siku ile. Ninayemchukia zaidi ni yule msichana mwenye mikono nyuma.

Kabla jua halijazama kila kitu kilikuwa kimeamuliwa. Kuta za laini zilikuwa za mabati na mbao. Ukikohoa, nyumba ya tatu wanakupa pole. Nilimsikia sajenti mwenyewe, mtu asiyesali hata kabla ya kula, akimwita Opio nje.

"Opio!"

"Afande."

"Kesho saa sita hii mwanamke iko Mpondwe, inavuka. Sitaki mwizi kwa laini yangu. Na mtoto yenyewe haiko. Unakaa naye ya nini?"

"Afande, mimi..."

"Mimi nini? Saa sita. Ama wewe iko ndani."

"Ndiyo, afande."

Halafu viatu vya Opio vikirudi nyumbani kwake, polepole.

Mado alikuja nyuma ya jiko wakati kuku wanapanda kulala. Alikuwa ameoga na kubadili kitenge. Nilidhani amekuja kunisihi, na nilikuwa nimejiandalia majibu ya kitoto: kwamba niliapa, kwamba mimi ni mdogo, kwamba Mama Sajenti ataniua. Akachuchumaa mahali pake pale pale.

"Mudogo wangu, Katekista atakuja samedi, mimi nitakuwa nimeenda. Lakini niandikie, utamuuliza, utanituma jibu kwa watu ya lori."

"Niandike nini, yaya?"

"Andika: mutu akitapika maji ya Rozari, ni zambi?"

Kalamu haikutembea. "Yaya, waambie," nikasema. "Sema una mimba. Sema kwa Opio peke yake. Hawatakufukuza."

"Nikisema itatoka."

"Haitatoka."

"Zile mbili ulikuwepo?" Hakusema kwa hasira. "Niko na hii moja tu ya kulinda. Wacha waniite mwizi. Mwizi pia anazalaka mutoto." Akanishika goti. "Wewe usiseme. Uliahidi."

Niliahidi. Alipoondoka niliandika swali lake, nikatazama saa, saa moja kasoro dakika nane, kisha nikafungua kurasa za nyuma, na Ijumaa ile ikanitazama, pamoja na yule mtoto chini ya meza, akinyonya kile nilichodhani ni mfupa. Nilimfikiria Katekista, jinsi ambavyo angelifungua swali la Mama Sajenti, angelisogeza mbali na macho, na kusema kwa sauti yake ya taratibu: mama, tafuta waya mwembamba, ifunge, sala haikai kwenye uzi, wala Mungu halaani mtoto kwa meno yake. Nusu dakika. Mwanamke mzima alipendelea kummeza mwanamke mwingine kuliko kusikia jibu la nusu dakika mbele ya watu. Nilikuwa na siri mbili na ahadi mbili. Moja ilimlinda mtu aliyekuwa tumboni bado. Nyingine ilimlinda Mama Sajenti. Nimeulizwa maswali mengi ya dini tangu hapo, na wajukuu, na watu wa parokia, lakini sijakutana na jepesi kama lile, wala lililonitoa jasho vile. Nilitapika usiku huo, peke yangu, nyuma ya choo, nikasikia nafuu.

Asubuhi niliamka kabla ya filimbi ya askari. Nilichomeka daftari kiunoni, nikachukua debe, nikaenda mferejini, kwenye bomba la laini. Wanawake walikuwa wamejipanga tayari, kumi na tano hivi, wakiongea wote kwa pamoja, na habari ilikuwa moja. Mado hakuwapo. Debe la Mama Sajenti ndilo lililokuwa chini ya mfereji, na maji yalipiga bati kwa kishindo. Sikujipanga. Nilipita kando ya mstari wote, nikisikia "We, nyuma huko!" na "Huyu leo amekula nini?", hadi nikafika mbele, nikasema nilichokwenda kusema. Sauti yangu ilitoka ile ya darasani. Debe likaimeza.

"Karani anasema nini?" Mama Nakku aliuliza.

"Hata hasemi. Anapumua tu," mwingine akajibu, wakacheka.

Nikanyoosha mkono mbele ya kifua cha Mama Sajenti na kuufunga mfereji. Hakuna mtoto aliyewahi kufunga mfereji juu ya debe lake. Tone la mwisho likadondoka.

"Msalaba ulikatika kwako, mama," nikasema. "Ijumaa, saa saba na dakika kumi. Swali nilikuandikia mimi."